Jinsi ya Kuongeza Damu Kariakoo Bila Kupunguza Pochi

Unapanda ngazi za ghorofa moja Mtaa wa Narung'ombe kufuata mzigo wa madera, na kabla hujafika juu moyo unadunda hadi masikioni. Umeegemea ukuta unatafuta pumzi. Hapo kuwa mwangalifu na mdomo wako. Ukitamka tu kwamba unasikia kizunguzungu, umejifungulia kliniki ya bure: muuza vitenge atasema ni presha, mbeba mizigo atasema ni njaa, na dada wa vipodozi atakuvuta kope ya chini, ataitazama sekunde mbili na kutoa hukumu, "Shoga, damu huna." Huyu wa mwisho huenda amepatia. Shida ni kwamba hataishia hapo. Muda si mrefu utakuwa umeandikiwa rosela, bitiruti, unga wa mlonge, maini mabichi, na chupa ya dawa ya maji ambayo mtu ameshaitoa kwenye begi kabla hujauliza bei.

Wote hao wanakupenda, na jambo lenyewe ni kubwa kuliko wanavyodhani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulipima damu za Watanzania nyumba kwa nyumba, ukakuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Kwa wastani huo, karibu nusu ya wanawake mnaosukumana nao kwenye mlango wa mwendokasi wanasukuma wakiwa hawana nguvu za kusukuma. Wengi wao wameshaitwa wavivu. Mke anayesinzia saa mbili usiku anaambiwa hapendi wageni. Binti anayeshindwa kukumbuka somo anaambiwa ni simu. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza nitaipigia kelele kuliko wapiga debe wote wa Msimbazi: pima kwanza, nunua baadaye.

Kupima kwenyewe ni tone la damu kutoka ncha ya kidole. Zahanati nyingi za mjini zinaweza, Mnazi Mmoja si mbali, Amana iko Ilala. Wahudumu wanakiita kipimo cha wingi wa damu, au HB. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na gramu 12 au zaidi kwa kila desilita ya damu, mjamzito 11, mwanamume 13. Mjamzito akishuka chini ya 7 hilo ni jambo la hospitali leo hii, lisingoje kesho. Usikubali kuondoka na jibu la "iko chini kidogo". Omba namba, iandike kwenye simu pamoja na tarehe. Watu wa Kariakoo wanakumbuka bei ya doti ya kitenge ya mwaka juzi, wanajua imepanda kwa shilingi ngapi na nani aliipandisha. Watu wa namna hiyo hawawezi kushindwa kukumbuka namba moja ya damu yao wenyewe.

Ukishapata namba, uliza swali la pili, ambalo karibu hakuna anayeliuliza: damu imekwenda wapi? Hedhi nzito inayokulazimu kubadilisha pedi kila saa si bahati mbaya ya ukoo wenu. Huenda kuna uvimbe kwenye kizazi, na una tiba. Safura, wale minyoo wanaoingilia kwenye nyayo, wananyonya damu kila siku bila kukuaga. Malaria huvunja chembe nyekundu. Vidonda vya tumbo na bawasiri huvujisha kidogo kidogo hadi unazoea. Uzazi wa kufuatana hauachi akiba irudi. Mwanamume mtu mzima akikutwa na damu pungufu asikubali kupewa vidonge akaondoka, maana yeye hana hedhi ya kumsingizia. Tumbo lake lichunguzwe.

Sasa tuzungumze kuhusu rangi nyekundu. Kariakoo inaiamini mno. Rosela ni nyekundu, bitiruti ni nyekundu, tikiti ni jekundu, damu ni nyekundu, basi hesabu imefungwa. Kama rangi ingetosha, tungeloweka khanga mpya ya Mtaa wa Uhuru kwenye ndoo na kunywa maji yake. Damu hutengenezwa kwa madini ya chuma, yakisaidiwa na foliki, vitamini B12, vitamini A na protini, na hivyo vyote havionekani kwa macho. Gramu 100 za bitiruti zina chuma chini ya miligramu 1. Gramu 100 za maini ya ng'ombe zina kama miligramu 6, na utumbo wa binadamu hukipokea chuma cha nyama kwa urahisi kuliko cha mmea wowote. Mwanamke anayepata hedhi anahitaji karibu miligramu 18 kwa siku. Kwa bitiruti peke yake angelazimika kutafuna zaidi ya kilo mbili kila siku, na hapo bado hatujauliza utumbo umekubali kupokea kiasi gani. Rosela endelea kuinywa, inakata kiu na ina ladha yake. Lakini ikishachemshwa, ikachujwa na kujazwa sukari, chuma kilichobaki kwenye glasi ni kidogo sana. Mama mkwe anayemletea mkwewe mjamzito jagi la rosela amefanya jambo la upendo; akimwambia aache vidonge vya kliniki kwa sababu ya jagi hilo, hapo amemdhuru.

Mlonge nao ni mboga nzuri iliyokaushwa. Kijiko kimoja cha chai cha unga wake hakizidi gramu chache, na gramu chache za mboga yoyote duniani haziwezi kukuinua kutoka 8 hadi 12.

Halafu kuna mtu wa begi. Utamkuta kwenye daladala kabla halijajaa, au utaalikwa kwenye semina ghorofani, kwenye ukumbi wa viti vya plastiki na spika yenye sauti kuliko ukumbi wenyewe. "Dada'angu, hii inaongeza damu ndani ya siku saba, inasafisha figo, inatoa sumu, na inamrudishia shemeji nguvu zake." Usigombane naye, naye ana watoto wanaosubiri ada. Muulize tu, kwa adabu zote za pwani: "Kaka'angu, kidonge kimoja kina miligramu ngapi za chuma?" Akijibu kwamba ni mchanganyiko wa siri, mshukuru na umwache na siri yake. Akikupa namba, uliza la pili: imesajiliwa wapi? Dawa za hospitali husajiliwa na TMDA, za asili na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kitu kinachodai kutibu bila kusajiliwa popote hakina haki ya kuingia mwilini mwako. La tatu ni langu mwenyewe na halijawahi kuniangusha: "Na ni ugonjwa gani ambao haitibu?" Dawa ya kweli huwa na orodha ndefu ya mambo isiyoyaweza.

Zile siku saba pia zitazame vizuri. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120, na uboho wa mfupa unahitaji wiki kadhaa za kupata chuma cha kutosha ndipo namba ipande kwa kuonekana. Anayekuahidi wiki moja amekuahidi asichokuwa nacho. Kidonge kile cha zahanati, ambacho hakina semina wala spika, kina jibu la swali la kwanza: miligramu 200 za feras salfeti, ambamo mna karibu miligramu 65 za chuma chenyewe. Mjamzito hukipata bure kwenye kliniki ya serikali.

Kuna jambo wanawake wengi hufanya kwa kujificha, nalo naomba tulizungumze bila kucheka. Udongo. Unauzwa kwa mafungu sokoni, umekauka vizuri, una harufu ya mvua ya kwanza, na mama kijacho anaununua huku anatazama pembeni. Mwingine hana habari na udongo, yeye ni mchele mbichi, anachota kiganja kwenye gunia kila akipita jikoni. Mwingine ni barafu, anaitafuna usiku kucha. Hamu hizi mara nyingi huja pamoja na upungufu wa chuma, hata kwa mtu asiye na mimba, na kwa wengi huisha chuma kinaporudi. Udongo hauongezi damu hata chembe. Unakamata chuma tumboni kabla hakijanyonywa, na unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi. Kwa hiyo ukijikuta unalijua duka la udongo kuliko duka la mkate, usijilaumu na usijifiche: nenda kapime damu, na mwambie muuguzi ukweli, ameshasikia mengi kuliko hayo. Na wewe shemeji unayemcheka mkeo kwa sababu ya mchele, mwongozo wako ni mfupi: nyamaza, toa nauli, mpeleke.

Sasa tufike mahali ninapopapenda, kwenye benchi la mama lishe.

Kwanza, mwite mama. Hata kama umemzidi umri, mwite mama, mchicha utaongezeka. Kisha agiza hivi: "Mama, naomba wali maharage, mchicha, dagaa kidogo juu yake, kachumbari nyingi na kipande cha ndimu." Atakuuliza, "Na chai?" Jibu, "Chai baadaye, mama." Katika sahani hiyo umefanya kazi ambayo semina nzima ya ghorofani haikuiweza. Maharage na mchicha vina chuma, lakini ni chuma kigumu. Ukivila peke yake utumbo unachukua sehemu ndogo tu na kuacha nyingine ipite. Dagaa, wawe wa Mwanza au wa Kigoma, wanaleta chuma chao chepesi, protini na vitamini B12, na zaidi ya hapo nyama ya samaki kidogo tu huusaidia utumbo kupokea chuma cha maharage yaliyo jirani. Ndimu na kachumbari vinaleta vitamini C, ambayo hukilainisha chuma cha mimea kikanyonyeka. Vyote lazima viwe kwenye mlo mmoja. Chungwa ulilokula saa nne asubuhi haliwezi kuyasaidia maharage ya saa nane mchana.

Ndiyo maana nimeing'ang'ania ile chai. Majani ya chai yana tanini, na kikombe kimoja kikinywewa pamoja na chakula kinaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma cha mimea kilichomo kwenye sahani. Kahawa nayo inazuia, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko chai. Najua ninachokiomba. Najua kuna watu wa Kariakoo ambao ukiwanyang'anya chai ya rangi ya baada ya kula watakushitaki kwa mjumbe. Sikunyang'anyi. Isogeze saa moja mbele, mbili zikiwezekana. Kula, nenda kauze, rudi kwenye kijiwe ukinywe kikombe chako na kashata yako kwa raha zote, hakuna atakayekugusa. Mtoto mdogo, huyo asipewe kabisa chai ya rangi na kipande cha andazi halafu tukauita huo mlo. Hapo ndipo damu za watoto wengi wa mji huu zinapoanza kupungua.

Mpenzi wa supu ya asubuhi namuunga mkono. Supu ya nyama, chapati, pilipili na ndimu iliyokamuliwa mezani ni mlo wenye heshima. Ondoa tu kile kikombe cha chai pembeni ya bakuli. Maini mara moja kwa wiki yanatosha, na yaive. Maini mabichi hayana damu ya ziada, ila yanaweza kuwa na vimelea. Mjamzito, hasa wa miezi ya mwanzo, asiyafanye chakula cha kila siku, kwa sababu vitamini A iliyomo ni nyingi mno na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Siku nyingine ale vibua kutoka Feri, mayai, firigisi, au dagaa tena. Dagaa wamedharauliwa muda mrefu kama chakula cha kusogeza siku, na mimi nawatetea popote nilipo: katika soko zima sijui kitu kinachotoa lishe nyingi hivyo kwa fedha ndogo hivyo.

Mboga za majani zina matakwa yake. Ukichemsha matembele hadi yasahau jina lake, kisha ukamwaga maji, foliki na vitamini C umezimwaga kwenye mfereji. Yapike kwa muda mfupi, maji kidogo. Tui la nazi au mafuta kidogo ni jambo la maana, kwa sababu vitamini A ya majani haipiti utumboni bila mafuta. Bibi aliyeunga mchicha kwa nazi alikuwa sahihi kabla ya wataalamu hawajafika. Maharage yaloweke usiku, maji yale umwage, upunguze faiteti, viini vya kwenye nafaka na mikunde vinavyofunga chuma. Uji uliotiwa kimea au uliochachuka kidogo hufanya kazi hiyo hiyo, na watoto wanaupenda. Matunda ya kuandamana na mlo yako kila kona: pera lina vitamini C mara kadhaa ya chungwa, na ubuyu nao unalishinda chungwa gramu kwa gramu. Nasema ubuyu wenyewe, ule mweupe uliolowekwa ukawa juisi bila kuchemshwa. Ule wa kubandika rangi na sukari, unaopaka ulimi hadi kesho, ni peremende.

Kuhusu unga, sheria iko upande wako na watu wengi hawajui. Tangu kanuni za mwaka 2011, viwanda vinatakiwa kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula: kwenye unga ni chuma, zinki, foliki na B12, kwenye mafuta ni vitamini A. Kwa hiyo unaponunua, geuza mfuko utafute nembo ya virutubishi. Muuzaji atakushangaa. Mwache ashangae, siku ya tatu ataanza kuugeuza mwenyewe kabla hujaomba. Mwanya uko hapa: sembe nyingi tunayokula inatoka kwenye mashine ndogo za kusaga, za Manzese na Tandale na kwingineko, ambazo nyingi hazina kifaa cha kuchanganyia virutubishi. Mahindi yanakobolewa hadi yawe meupe, yaani sehemu yenye lishe inatolewa, na hakuna kinachorudishwa. Mwenye mashine anayetaka kufanya vizuri ahimizwe, kwa sababu vifaa vya wasagaji wadogo vipo na vimeshafungwa katika baadhi ya mashine nchini. Mafuta ya kupima yanayokaa juani kwenye chupa nyeupe ni hasara nyingine, maana mwanga huiua vitamini A. Ukiwa na swali kuhusu virutubishi hivi, Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ina ofisi zake hapo hapo mjini, barabara ya Barack Obama, karibu na bahari.

Tumalizane na vidonge, kwa sababu ukiwa na damu 8 sahani peke yake haitakufikisha. Chakula hulinda damu uliyonayo. Pengo kubwa huzibwa na kidonge. Vile vya kliniki, fefo, vina chuma na foliki kwa pamoja. Kila mtaa una mama aliyevipokea, akavimeza siku mbili, akavificha nyuma ya kabati kwa sababu vilimtia kichefuchefu, kisha akamwambia muuguzi anameza. Mama, muuguzi anajua. Namba ya damu inasema. Ukweli mwingine ambao ulipaswa kuambiwa mapema: choo kitakuwa cheusi na hilo si baya, tumbo linaweza kufunga, kwa hiyo kunywa maji na kula papai, kichefuchefu hupungua ukimeza usiku au baada ya chakula kidogo. Kimeze kwa maji au juisi ya chungwa. Usikimeze kwa chai, kwa maziwa, wala pamoja na vile vidonge vya magneziamu unavyotafuna kwa ajili ya kiungulia. Viachanishe kwa saa mbili au zaidi. Ikiwa kichefuchefu kimekushinda kabisa, rudi ukamwambie daktari. Kwa mtu asiye na mimba anaweza hata kukupangia kumeza siku moja na kuruka siku moja, maana baada ya dozi mwili hutoa homoni iitwayo hepsidini ambayo hufunga mlango wa chuma kwa muda.

Mjamzito aangalie foliki anayonunua mwenyewe duka la dawa. Ile ya miligramu 5 ni kubwa mno kwa mama anayepewa SP za kumkinga na malaria, kwa sababu inapunguza nguvu za SP. Dozi ya kliniki ni ndogo kwa makusudi. Na asiwasikilize wanaomwambia kwamba chuma kinalisha malaria ya mjamzito. Hapa hapa Dar es Salaam, kati ya 2010 na 2012, wajawazito 1,500 ambao hawakuwa na upungufu wowote walifuatiliwa, wengine wakipewa miligramu 60 za chuma kila siku na wengine kidonge kisicho na kitu. Malaria ya kondo la nyuma haikuongezeka, na waliopewa chuma walijifungua wakiwa na damu bora. Mji huu umeshatoa mchango mkubwa kwa elimu ya lishe duniani: mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya wajawazito 8,468 wa Dar es Salaam, yakionyesha kwamba vitamini B, C na E zikiongezwa juu ya chuma na foliki hupunguza idadi ya watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Dunia imejifunza kwa dada zetu. Ni haki na sisi wenyewe tusome.

Kwa watoto mambo ni tofauti, na hapa naomba kila mzazi asimame. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa wa Pemba. Watoto wa chini ya miaka mitatu walipewa chuma na foliki kila siku, bila kuangalia nani anakihitaji, katika kisiwa kilichokuwa na malaria nyingi. Waliopewa walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wale waliopewa kidonge kisicho na kitu. Lakini walipotazamwa watoto waliopimwa na kukutwa na upungufu wa kweli, huku malaria yao ikitibiwa, chuma kiliwafaa. Kitu kile kile, kisiwa kile kile, kilichotofautisha ni kupima. Kwa hiyo usimwagie mtoto sirapu ya damu kwa sababu jirani ameona viganja vyake vimepauka. Mpeleke akapimwe damu na malaria siku hiyo hiyo. Mpeleke pia kwenye matone ya vitamini A yanayotolewa mara mbili kwa mwaka kuanzia miezi 6, pamoja na dawa za minyoo akishatimiza mwaka mmoja. Na vidonge vyako mwenyewe viweke juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda stuli: vichache tu vinatosha kumuua, na rangi yake inafanana na peremende.

Kuna watu ambao chuma siyo jibu lao kabisa. Mwenye selimundu ana damu pungufu kwa sababu chembe zake zinavunjika mapema, na kama ameshaongezewa damu mara nyingi huenda chuma kimemzidi. Asipewe fefo za rafiki. Kliniki ya selimundu ya Muhimbili haiko mbali na hapa. Majirani zetu wa Kisutu na Upanga ambao imani zao haziwaruhusu nyama, samaki wala mayai wako kwenye hatari ya kukosa B12, ambayo haipatikani kwenye mmea wowote, wala kwenye mlonge. Maziwa na mtindi vinasaidia, ila mara nyingine sindano au vidonge vya B12 vinahitajika. Wazee wanaotumia metformini kwa ajili ya sukari nao waombe kupimwa. Ganzi za miguuni, ulimi unaowaka na kusahausahau visiitwe uzee haraka. Foliki nyingi inaweza kupandisha damu ya mtu wa namna hii ikaonekana nzuri huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika.

Baada ya wiki nne rudi ukapime, na ile namba uliyoiandika iwe mkononi. Ikiwa ilikuwa 9 na sasa imepita 10, chuma kinafanya kazi: endelea hadi ufike 12, kisha uongeze miezi mitatu ya vidonge kujaza akiba, hata kama unapanda ngazi za Narung'ombe ukiwa unaimba. Ikiwa haikupanda na vidonge ulimeza kweli, usikubali kuongezewa dozi tu. Mwambie daktari hivi: "Nimemeza mwezi mzima, naomba choo kipimwe minyoo na damu iliyojificha, naomba kipimo cha selimundu, na hedhi yangu ni siku nane." Mtajie na udongo, kama upo.